Pombe ya Kumwuliza Keza

Nyamahanga, Biharamulo
2 Mei 2024

Dada Tecla,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia randa kutwa nzima, na huo ni ugonjwa wa maseremala wote, haunipi hofu. Shemeji Frednand hajambo? Evarista na wadogo zake je? Maharage mmeshaanza kuvuna au mvua bado inawachezea?

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako ni ya nyumba nzima. Juzi nilituma ujumbe, Evarista akanijibu kwamba mama yuko shambani na kwamba niwatumie vocha. Barua hii anakuletea Koleta, yule mama anayenunua maharage huko Kirushya na kuyauza huku kwetu. Anapita kila wiki, basi tumfanye posta yetu.

Dada, Keza hapokei simu zangu. Tangu nilipotoka huko baada ya Pasaka ni mwezi mzima. Mwanzoni nilisingizia mtandao. Wiki iliyopita nikapiga kwa namba ya jirani, akapokea, aliposikia sauti yangu akakata. Nimejiuliza nimekosa nini, sioni. Hatukugombana, na siku ile tuliagana vizuri. Tarehe 29 Juni Baba mdogo Sostenes anapeleka pombe ya posa kwao, mikungu ya ndizi za kuipikia imeshatengwa shambani, na mchumba mwenyewe ananikatia simu. Usingizi hauji, kazi haziendi. Jana nimekata mguu mmoja wa meza mfupi kuliko wenzake, mteja akaniuliza kama meza hiyo ni ya kuwekwa mlimani.

Nakuomba uende ukamwone pale kwenye cherehani yake. Wewe ndiye uliyetukutanisha, hawezi kukuficha kitu. Mwambie nasubiri sauti yake.

Mdogo wako,
Xavery


Kirushya, Ngara
11 Mei 2024

Xavery mdogo wangu,

Marahaba. Milele amina. Huku tunaendelea, ila shemeji yako ana kikohozi na kikohozi chake kinataka kuhudumiwa kama mgeni. Maharage tumeanza kung'oa. Huo mgongo upake mafuta ya moto na uache kubeba mbao peke yako kama huna akili.

Jumanne nilikwenda kwa Keza. Nilichukua gauni langu la kitenge, nikasingizia kwamba limenibana. Nataka nikueleze nilichokiona kwanza, kabla ya alichosema, kwa sababu alichosema ni kidogo.

Unakumbuka alivyokuwa akikaa. Uso dirishani kwenye mwanga, mgongo mlangoni, anaongea na kila anayeingia bila kugeuka, anamtambua mtu kwa hatua zake. Sasa ameigeuza cherehani. Mgongo uko ukutani, kwenye ile kona yenye giza, na uso unatazama mlango. Nikamwambia huku gizani utajichoma sindano. Akasema ameshazoea.

Alinipima, akaandika vipimo, akaniambia nirudi Ijumaa ya tarehe 24. Nilipotaja jina lako mguu wake ukasimama kwenye pedali. Akauliza, "Amekutuma, Mama Evarista?" Mimi, Xavery. Tangu Krismasi ananiita wifi, leo nimekuwa Mama Evarista. Nikamwambia ndiyo, amenituma, ana wasiwasi. Akasema, "Mwambie mimi ni mzima." Kisha akaendelea kushona, na alikuwa anashona mahali ambapo alikwishashona.

Sasa nakuuliza. Siku ya mwisho mlipoonana ilikuwaje? Usinipe maneno ya kuuzia vitanda. Niandikie ilivyokuwa, toka mwanzo hadi mwisho.

Dada yako,
Tecla


Nyamahanga
16 Mei 2024

Dada Tecla,

Shikamoo. Pole na kikohozi cha shemeji, mpe asali na limau. Mimi mgongo una nafuu, kichwa ndicho kibaya.

Mambo haya kumwandikia dada ni aibu, lakini umetaka mwenyewe. Jumatatu ya Pasaka nilikuwa nimefikia kwa rafiki yangu Jovitus. Yeye na mkewe walikwenda kusalimia ukweni, nikabaki peke yangu. Mchana Keza akaniletea ndizi za kupika na maharage. Tulikula, tukacheka. Baada ya kula nikamwomba tulale pamoja. Akasema hapana, tusubiri mpaka pombe inywewe. Hilo nililitegemea, kwa sababu hakuna msichana mwenye heshima zake atakayesema ndiyo mara moja. Basi nikaongea naye. Wewe unaujua mdomo wangu, mtu anakuja kununua kigoda anaondoka na kitanda. Nikamwambia imebaki miezi mitatu tu, nani atajua. Akasema hapana. Nikamwambia Nyamahanga wasichana wamejaa na wote nimewapita kwa ajili yake. Akasema anashukuru, lakini hapana, na mama yake anamsubiri. Nikamwambia akitoka pale nitajua kwamba hanipendi, na Baba mdogo asijisumbue kupeleka pombe. Akakaa. Akasema hapana tena, nikaendelea kuongea. Jua lilikuwa limeshuka kwenye migomba aliponyamaza.

Dada, sikumpiga, sikumshika kwa nguvu, na mlango haukuwa na ufunguo. Hakupiga kelele wala hakulia. Alinyamaza, akatazama ukuta, nikajua amekubali. Baadaye alikusanya vyombo vyake na mimi nikamsindikiza mpaka njia panda nikipiga mluzi kwa furaha.

Sasa kosa liko wapi? Si ndivyo ulivyonilea? Nilikuwa na miaka saba, Baba mdogo Sostenes alikuja kutusalimia, akasema pombe imetosha, mimi nikaondoa kibuyu. Ulinifinya sikio mbele yake. Ukaniambia mgeni husema imetosha kwa adabu, mwenye nyumba anamiminia tena, asipomiminia ni mchoyo. Na mwaka jana uliponielekeza kwa Keza ulisema nini? Ulisema, "Msichana wa kwetu akisema hapana, ndiyo iko chumbani inavaa kanga." Tulicheka mpaka shemeji akaamka. Mimi nimefuata hayo hayo.

Labda anaona haya tu. Nenda ukamtulize, kisha unijibu kama utasimamia pombe siku ile. Bila wewe haitakuwa na baraka.

Mdogo wako,
Xavery


Nyamahanga
8 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini ni kazi za shamba tu na si ugonjwa. Koleta amepita mara tatu mikono mitupu. Nikimwuliza anasema amekupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaiweka kifuani, ukaingia ndani.

Siwezi kuendelea kukaa hivi. Nikisikia pikipiki natoka nje. Nimepiga simu yako, Evarista anasema mama hayupo, na nyuma yake nasikia unafukuza kuku.

Kwa kuwa hukujibu, nimechukulia kwamba umekubali. Nimempigia Baba mdogo nikamwambia Dada Tecla atasimamia pombe. Ndizi zitafukiwa shimoni tarehe 20 ili ziive vizuri, zikamuliwe tarehe 26. Yeye amefurahi, ameshawaambia na kwao Keza wajiandae.

Mdogo wako,
Xavery


Kirushya
13 Juni 2024

Xavery,

Salamu za nyumbani utazipata mwisho wa barua, zikibaki.

Kunyamaza kwangu nani alikuambia ni kukubali? Wiki tatu nilikuwa naanza barua na kuichana. Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoandika neno la kukugombeza nilikuta ni langu, nililipanda mimi. Wewe ukakaa huko, ukauona ukimya wangu, ukaujaza unachotaka, ukampigia Baba mdogo simu. Umemfanyia dada yako kwa karatasi jambo lile lile ulilomfanyia Keza. Soma tena barua yako ya tarehe 8, kisha soma ile ya tarehe 16 Mei. Ninakurudishia zote mbili.

Ijumaa ile nilikwenda kuchukua gauni, nikalipa, nikarudi nyumbani. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikwenda tena. Sikwenda kumtuliza. Nilimwambia, Keza, maneno aliyokuja nayo Xavery niliyatia mimi mdomoni mwake, na nimekuja kukuomba msamaha, na huna haja ya kunijibu. Nikakaa. Alikata uzi, akakunja kitambaa, akakikunjua. Kisha akaongea, na ruhusa ya kukuandikia haya nimeiomba kwake.

Alisema, "Nilisema hapana mara nne. Nilihesabu, kwa sababu kila mara nilidhani hiyo ndiyo ataisikia. Baada ya ya nne nilichoka. Nilikuwa nawaza kwamba nikinyamaza atamaliza kuongea, na akimaliza nitakwenda nyumbani." Nikamwuliza kwa nini hakuondoka, mlango si ulikuwa wazi. Aibu yangu, lakini niliuliza. Akasema, "Aliniambia nikitoka pombe haitakuja. Baba ameshawaalika watu. Mlango ulikuwa wazi, Mama Evarista, lakini yeye alikuwa ameuziba kwa maneno." Na ule mluzi wako wa njiani, mdogo wangu, anausikia mpaka leo. Ndiyo maana ameigeuza cherehani.

Nikuambie na langu. Shemeji yako kijijini wanamsifu, na mimi nimezoea kuwaitikia. Miaka ya mwanzo ya ndoa nilikuwa nasema hapana nikiwa nimechoka, nikiwa mgonjwa, mara moja nikiwa na siku kumi na mbili tangu nijifungue. Naye alikuwa anaongea, mpaka nikajifunza kunyamaza ili ipite. Shangazi yetu aliniambia ndiyo ndoa hiyo. Ili isiniume nikaifanya kichekesho, nikawachekesha nacho watu, na wewe ukiwa mmojawapo. Ile kanga niliyosema inavaliwa chumbani, Xavery, haikuwahi kuwepo. Nilikuwa naijua habari hiyo kuliko mtu yeyote na bado nikaisema.

Kibuyu cha pombe ni kibuyu cha pombe. Mgeni akimiminiwa asichotaka anakiacha chini ya kiti na kwenda zake. Mwili wa mtu hauachwi chini ya kiti.

Sasa nisikilize, maana siku zinakwenda. Tarehe 29 unajua watakavyofanya. Baba yake atamsimamisha katikati, amwulize, binti yangu, pombe ya wageni hawa tuinywe? Akiinama, watasema ni haya. Akisema hapana, watacheka, watasema huyu kalelewa, na watamwuliza tena. Watamwuliza mpaka aseme inywewe. Mama yake anajua yaliyotokea, na jibu lake ni kwamba basi na harusi iharakishwe. Watu arobaini watamfanyia mchana kweupe yale uliyomfanyia wewe peke yako kwa Jovitus. Keza ameniambia hataweza kusema hapana ya tano.

Wa kuizuia pombe hiyo ni wewe. Usiseme umeahirisha, wala usiseme Keza ana kasoro. Mwandikie Baba mdogo kwa mkono wako kwamba kosa ni lako. Keza akiamua kwenda kwenye dawati la jinsia polisi, mimi nitamsindikiza, na nitaapa kwa nilichosoma kwenye barua zako. Hilo nalo nimemwambia, na wewe nakuambia usoni.

Najua utataka kuja kumwomba msamaha. Usije. Wewe ukianza kuomba huachi mpaka upewe.

Salamu zimebaki kidogo. Watoto hawajambo. Nakupenda, ndiyo sababu nimekasirika hivi.

Dada yako,
Tecla


Nyamahanga
19 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Sijui kama afya yangu niseme ni njema. Chakula kinapita, kazi nafanya.

Nilikuja. Ulisema nisije na nikaja. Barua yako ilinifika Jumamosi, nikakasirika siku mbili, nikakutukana moyoni. Jumatatu alfajiri nikapanda basi, nikashuka Kirushya kabla ya saa sita, sikupita kwako. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na maneno mazuri, Dada, ya kumfanya mtu alie na kunikumbatia.

Nilifika upande wa pili wa barabara, pale kwa muuza chumvi. Mlango wake ulikuwa wazi na yeye alikuwa amekaa kama ulivyosema, uso nje. Nadhani aliniona kabla sijamwona. Nikainua mkono kumsalimia. Hakufanya kitu cha ajabu. Alisimama polepole, akaacha kitambaa chini ya sindano, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilisubiri arudi. Akaja mteja na mtoto, akabisha hodi, akasubiri, akaondoka. Nikaona kwamba nikibaki pale mpaka jioni, yeye atabaki huko nyuma mpaka jioni, bila kazi, bila maji, kwa sababu yangu. Nikakumbuka alivyokaa kwa Jovitus akisubiri nimalize.

Maneno yote niliyopanga yakanitoka. Niliyaogopa. Nikarudi stendi bila kumsalimia mtu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Moja ni ya Baba mdogo. Nimeandika kwamba Keza alikataa na mimi sikumwachia nafasi ya kukataa, kwamba pombe isiende, na kwamba mtu akimlaumu Keza aje anilaumu mimi. Nimeiandika mara sita, kwa sababu mara tano za mwanzo zilikuwa na neno "lakini". Mpelekee kabla hawajafukia ndizi.

Ya pili ni ya Keza. Simwombi kitu humo. Nimeandika tu kwamba nilisikia hapana zote nne na nikajifanya sikusikia. Tafadhali mpe.

Akienda dawati la jinsia nitakuja kuitikia jina langu. Naogopa sana, lakini nitakuja.

Mdogo wako,
Xavery


Kirushya
2 Julai 2024

Xavery mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tu wazima. Kikohozi kimepona, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nimehamishia kitanda changu kwenye chumba cha watoto, kwa muda ambao nitautaka mwenyewe. Shemeji yako anauliza kuna nini. Nimemwambia nitamweleza, na nitamweleza.

Barua yako ilinifika jioni ya tarehe 20. Ndizi zilikuwa zimeshafukiwa. Baba mdogo Sostenes aliisoma akiwa amekaa kwenye ukingo wa shimo, majani ya migomba bado mikononi. Alisoma, akaniuliza kama mwandiko ni wako kweli. Kisha akasema kwamba hataki kukuona kwake mpaka akuite, na kwamba yeye naye ana mambo ya kuwaza. Tarehe 29 alikwenda kwa baba yake Keza na mzee mmoja tu, bila kibuyu, akaisoma barua yote mbele yao. Nilikuwepo. Mama yake alilia, akasema binti yake ameharibiwa jina. Baba yake akamtazama Keza, akamwuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Keza akasema, "Ndivyo." Baba yake akasema wageni wakapumzike, hakuna swali lingine siku hiyo.

Zile ndizi ziliiva bila kuulizwa, zikakamuliwa, na pombe majirani wameinywa kwa Baba mdogo bila ngoma. Maneno ni mengi. Wengine wanasema umerogwa, wengine wanasema Keza ana mwanamume Ngara mjini. Nikiyasikia nayajibu. Sokoni nimeshagombana na watu wawili.

Kuhusu polisi, hajaamua. Akiamua kesho au mwakani ni juu yake, na mimi na wewe tutakuwepo kama tulivyosema. Usiniulize tena habari hiyo, nikiwa na neno nitakuandikia.

Cherehani bado inatazama mlango. Ila jana nilipoingia alikuwa ameisogeza kidogo, mwanga wa dirishani unamfika kwenye mkono wa kushoto. Aliniita Mama Evarista, na nikaitika.

Nilikuwa na ile barua yako kwake. Nikamwambia imetoka kwako, haiombi kitu, na nikamwuliza kama angependa kuipokea. Akasema hapana.

Sikumwuliza mara ya pili. Ninakurudishia kama ulivyoifunga.

Dada yako,
Tecla